Furshi isiyolia mbele ya kukatika

Ndugu wachimbaji, bamama wa nyumba, vijana wenye kuamka saa kumi ya usiku juu ya kukamata njia ya kazi: leo tunaandika juu ya kinga. Tunajua wamoja watacheka. Tayari juzi, mu mkutano wa sendika, mzee moja alituuliza: «Mishahara iko namna hii, sutretansi inatumeza, na ninyi munatuletea hadithi ya kinga?» Tulimwacha amalize. Kisha tukamuuliza alifika kwa mkutano na nini. Alifika na kinga.

Tuko na mwenzetu moja, kijana wa Kapata, mwenye kufanya posti ya usiku kwa kampuni moja ya hapa Kolwezi. Kampuni iko na basi kwa watu wake wa kudumu. Yeye ni mtu wa kukodishwa, basi haimbebi. Kwa hiyo aliweka feza miezi mitatu, akaenda sokoni, akanunua kinga ya okazio yenye kutoka Ulaya: nyepesi, nyeusi, magurudumu membamba, gidoni imepinda kama pembe za kondoo. Dola 90. Aliifurahia kama mtu aliyenunua motokari. Miezi minne hivi ilimbeba vizuri, na tuseme kweli, hakukuwa mtu wa kumshika kwa mlima.

Siku ile alitoka kazini saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Njiani alisimama kwa mama mwenye kuuzisha bunga, akachukua mufuko wa kilo 25, akaufunga mbele juu ya gidoni, sababu kinga ya namna ile haina pahali pa kufungia mzigo nyuma. Kwa mteremko aliingia mu shimo. Shimo la kawaida, lile lenye sisi wote tunaingia kila siku. Furshi ilikatika. Haikupinda, haikulegea, haikulia. Ilikatika pale miguu yake miwili inakutana chini ya kadri, na gurudumu la mbele likaendelea peke yake. Yeye alianguka na uso. Taya lilivunjika, meno sita yakatoka, na mkono wake wa kuume mpaka leo hauwezi kushika nyundo.

Tulienda kuvitafuta vile vipande. Mama wa bunga alikuwa amevichunga, Mungu amubariki. Tulifikiri tutaona chuma. Hakuna chuma. Tuliona kitu kama kitambaa kikavu kilichopasuliwa, nyuzi nyeusi zinatoka kama ndevu. Na upande moja wa pale ilipokatika nyuzi zilikuwa nyeusi safi, lakini upande wa pili zilikuwa nyekundu, zimejaa vumbi yetu ya hapa. Mnaelewa? Vumbi haingii mu kitu kizima. Ufa ulikuwa pale zamani, chini ya rangi, na kijana alikuwa anapanda juu yake kila asubuhi na kila magaribi.

Sasa tuelezane. Furshi ni ile uma ya mbele yenye kushika gurudumu. Miguu yake miwili inashuka mpaka kwa ekseli, na juu iko na shingo, ni bomba lenye kuingia ndani ya kadri na kutoka upande wa juu ili kushika gidoni. Ukifunga freni ya mbele, ni furshi inakamata nguvu yote. Ukiingia mu shimo, ni yeye wa kwanza kupigwa. Kitu kingine kikivunjika kwa kinga, mnyororo, pedali, kiti, mara nyingi utaumia kidogo ao utasukuma kinga mpaka nyumbani. Furshi ikikatika huna wakati hata wa kusema «mama».

Furshi za zamani ni za chuma. Hizi nyingine, za kaboni, zinafanywa na nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinalazwa moja juu ya nyingine tabaka kwa tabaka, kisha zinashikamanishwa na gundi yenye kukauka ngumu kwa moto. Rangi inapita juu. Mutu akiangalia kwa macho, anaona kinga kama kinga.

Hatutaki kusema uongo hapa. Kaboni si kitu kibaya. Kilo kwa kilo, ina nguvu kushinda chuma, na ikitumiwa vizuri haichoki upesi kama aluminiamu. Wale wakimbiaji wa Tour de France wanapanda juu yake, wanashuka milima na mwendo wa motokari. Sheria ya mchezo wao inasema kinga nzima isipunguke kilo 6.8, na furshi ya kaboni ya namna ile inaweza kupima gramu 400 hivi. Kuko hata kanuni ya kimataifa, ISO 4210, yenye kusema ginsi ya kujaribu furshi mbele ya kuiuzisha: mashini inaipinda mbele na nyuma mara 100,000, na haipaswi kupasuka. Furshi ya kampuni ya kweli, yenye kupita ule mtihani, ni kitu cha kuaminika. Kwa yule wa kwanza mwenye kuinunua.

Lakini ule mtihani ulifanywa juu ya mtu moja mwenye kukaa juu ya kinga yake. Watengenezaji wengi wanaandika mu kitabu chao uzito usipite kilo 110 ao 120, mtu na mzigo pamoja, na mara nyingi wanakataza kabisa kufunga mzigo mbele. Kile kitabu hakifikagi Kolwezi. Kinabaki mu sanduku la mtu fulani kule Ubelgiji.

Na tena kuko jambo lenye sisi wa mine tunapashwa kulielewa haraka kuliko watu wengine wote. Wazee wetu wenye kushuka Kipushi wanatuelezaga juu ya miti yenye kushika dari ya chini. Walikuwa wanaipenda miti, si juu ya nguvu yake, ni juu ya sauti yake. Mti ukilemewa unalia. Unapasuka kidogo kidogo, unatoa mlio, na mwenye masikio anakimbia. Chuma cha kinga nacho kiko karibu na tabia ile. Furshi ya chuma ikipigwa sana inapinda kwanza. Unaona gurudumu limerudi nyuma, mguu wako unagusa mupira wakati wa kukata kona, unajua kuko jambo. Chuma kinakupa siku, mara nyingine kinakupa juma nzima. Kaboni inakaa vilevile, nzuri, inyoofu, mpaka siku ya mwisho. Haipindi. Inashika yote ao inaacha yote.

Basi mtu atauliza: kwa nini haitubidi kuogopa kaske yetu? Kaske ya kazi nayo haipindi. Ni swali nzuri, na jibu mnalo tayari. Siku ya kwanza ya kazi mlifundishwa nini? Kaske ikipigwa na jiwe, hairudi kazini. Hata kama huoni ufa. Unaipeleka kwa stoo, unapewa ingine. Hakuna delege wa sendika mwenye kukubali mchimbaji avae kaske iliyookotwa, yenye hatujui ilianguka wapi na mara ngapi. Lakini yuleyule mchimbaji, akitoka mlangoni, anapanda juu ya furshi yenye ilipigwa hatujui wapi, hatujui mara ngapi, hatujui na nani. Pale ndipo tunasema hapana.

Angalieni njia yenye ile kinga ilipita mbele ya kufika sokoni. Kwanza ilikuwa na mwenyewe kule Ulaya. Kwa nini aliiachilia? Pengine alinunua mpya. Pengine alianguka nayo, akaogopa, akaitupa. Hakuna karatasi yenye kusema. Huko kwao wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi pamoja na maji inakula aluminiamu pale inapogusana na kaboni, sababu furshi nyingi ziko na vipande vya aluminiamu vilivyogandishwa mu kaboni na gundi, kwa shingo ao kwa ncha za miguu. Kisha ile kinga ilitupwa mu kontena pamoja na kinga zingine mia, moja juu ya nyingine, pedali ya hii mu furshi ya ile, na safari ya bahari na barabara mpaka huku. Kaboni ina nguvu mu njia ya nyuzi zake. Ukiifinya kutoka upande, ama ukiigonga na kitu chenye ncha, tabaka za ndani zinaachana, na juu rangi inabaki kung'aa kama sahani mpya.

Halafu inafika kwa fundi wetu. Tunawaheshimu mafundi wa kinga, wanaokoa jamaa nyingi. Lakini fundi alijifunza kwa chuma. Kwa chuma, unakaza mpaka mkono unauma, na ni vizuri. Kwa kaboni, vile vibulu vya kushika gidoni mara nyingi vimeandikwa 5 Nm, ni kusema kukaza kidogo tu, na funguo maalum yenye kupima nguvu. Tulizunguka soko nzima kutafuta fundi mwenye ile funguo. Hatukumpata hata moja. Anayekaza na nguvu ya chuma anafinya shingo ya kaboni na kuivunja ndani, na yeye mwenyewe hajui, na mwenye kinga analipa na kusema asante.

Watu watatuambia: «Muko munaongea kitu kidogo sana, moja kwa elfu.» Pengine. Lakini hata viwanda vikubwa vyenyewe havikatai. Mwaka 2021 kampuni Specialized ya Marekani iliomba watu warudishe kinga zake za namna ya Tarmac SL7, kinga za bei kali, sababu shingo ya furshi ilikuwa inaweza kupasuka na kukatika. Ilikuwa juu ya kipete kidogo cha ndani. Walifanya vizuri kusema, na walitengeneza bure. Swali letu ni hili: barua ya kuita inafika kwa nani? Inafika kwa yule mwenye jina lake liko dukani. Mtu wa pili haipati. Mtu wa nne, mwenye kununua mu soko la Kolwezi mikononi mwa kijana mwenye kuuzisha pia redio na viatu, huyo hata hajui kama barua ilikuwako.

Tuwe na haki, si kaboni peke yake. Mwaka 2006, mu mashindano ya Paris-Roubaix, yale ya barabara ya mawe, Mmarekani George Hincapie alibaki na gidoni mkononi: shingo ya furshi yake ilikatika, akaanguka, akaumia bega. Ile shingo ilikuwa ya aluminiamu, si ya kaboni, na mbele yake siku ileile alikuwa ameanguka mara moja. Ni lile somo la kaske tena. Kilipigwa, kikaonekana kizima, kikaendelea na kazi.

Na chuma? Chuma nacho kinakatika, wabebaji wa makala wanajua zaidi ya sisi. Wale wanaume wenye kutoka porini na mifuko mitatu, mine, kinga haionekani, unaona paka mlima wa makala unatembea. Hakuna mtu mu dunia mwenye kufahamu furshi kuliko wao. Tulikaa nao asubuhi moja kando ya barabara. Walituonyesha ginsi wanaongeza vyuma viwili kila upande wa furshi, kutoka ekseli mpaka juu, ili mzigo usikae pahali pamoja. Walituonyesha pia makosa: kuchomea na moto mkali sana pale karibu na taji ya furshi, halafu kumwagia maji ipoe haraka. Chuma kinageuka kama kioo pembeni ya mahali palipochomewa, na ni pale hasa kinakatika. Moja wao alituambia yeye huwa anapitisha kidole chini ya taji kila juma, anatafuta mstari wa kutu. Kutu ikitoka mu rangi kwa mstari mwembamba, ni ufa umeanza. Anashusha mzigo, anatembea na miguu.

Ndiyo tofauti yote. Huyu mtu hajasoma sana, hana mashini, lakini na kidole chake anaweza kujua. Kwa kaboni kidole hakitoshi.

Kinatosha nini? Tuliuliza fundi moja mwenye alifanya kazi miaka mingi kwa duka la kinga kule nje, na alitupa jambo lenye lilitushangaza, sababu ni kazi yetu ya kila siku. Kule chini, mbele ya kuanza kupiga, unachukua nondo na unagonga dari. Jiwe zima linajibu kwa sauti kali, kama kengele. Jiwe lililoachana linajibu kwa sauti tupu, kama ngoma. Ukisikia ngoma, unaangusha lile jiwe mbele halijakuangukia. Basi na kaboni ni hivyohivyo. Unachukua sarafu, unagonga furshi polepole kutoka juu mpaka chini, mguu moja kisha wa pili, na unasikiliza. Pale sauti inabadilika na kuwa nzito na ya kufa, tabaka zimeachana. Hakuna mchimbaji mwenye kushindwa kusikia ile tofauti, masikio yetu yalikwisha kulipa shule.

Lakini tunasema pia mpaka wake. Sarafu inaonyesha kibaya, haihakikishi kizuri. Shingo iko ndani ya kadri, haigongeki mpaka uifungue yote. Na karibu na taji, pale kaboni iko nene, sauti inadanganya. Ukisikia ngoma, kinga imekufa. Usiposikia ngoma, bado hujui.

Namna ya kutambua kaboni: chukua sumaku ya spika ya radio iliyokufa. Ikishika furshi, ni chuma. Isiposhika, ni aluminiamu ao kaboni. Gonga na ukucha: aluminiamu inalia kama sufuria, kaboni inalia kama ubao ao plastiki. Usiangalie maneno yaliyoandikwa juu, siku hizi kuko furshi za kuiga zenye jina kubwa la uongo, na kuko pia wauzaji wenye kupaka rangi mpya. Tena rangi mpya juu ya kinga ya zamani itupe mashaka kwanza. Nani anapaka rangi kitu chenye hakina kidonda?

Kwa hiyo msimamo wetu uko wazi, na wenye kupenda kutukasirikia wakasirike. Kinga ya okazio yenye furshi ya kaboni isibebe mzigo. Si bunga, si makala, si mtoto mbele, si mke nyuma. Na mwenye anaitumia juu ya kazi kila siku, atafute furshi ya chuma aibadilishe. Itaongeza uzito, nusu kilo ao zaidi kidogo, na mbele ya mufuko wa kilo 25 nusu kilo ni nini? Ila mjihadhari na kitu kimoja: shingo hazina upana moja. Kinga nyingi za sasa zinataka shingo ya milimita 28.6, na furshi ya Phoenix ya zamani iko nyembamba, itacheza ndani. Zingine za kaboni ziko pana chini na nyembamba juu, kwa hizo kupata ya chuma ni shida. Isipoingia vizuri, msilazimishe. Msiweke mabati ya kujazia, na mtu asichomee kitu karibu na kaboni, gundi yake inalegea na moto. Ni heri kuuzisha magurudumu, mnyororo na kiti, halafu kuongeza feza kidogo na kununua kinga ya chuma ya mkono wa pili. Kijana atasema ni ya wazee. Ndiyo, wazee wako na meno.

Bamama, hapa tunaongea nanyi. Ni ninyi mara nyingi munasema: «Wakati wa kurudi, pitia kuchukua mufuko.» Hatuwalaumu, tumbo haingoji. Lakini muulize kwanza: furshi ni ya nini? Kama hajui, apitie bila mufuko.

Sasa tuende kwa lile lenye linatuuma zaidi, sababu furshi haikuingia barabarani peke yake.

Kampuni yenye kumwandika yule kijana ilijibu barua yetu na mistari minne. Ilisema ajali haikutokea kazini, kinga si mali ya kampuni, na zaidi ya yote, mfanyakazi «aliacha njia yake» wakati alisimama kununua bunga. Tuliisoma ile barua mara mbili, tukaisoma tena mbele ya mke wake. Sheria ya usalama wa jamii, ya mwaka 2016, inahesabu ajali ya njiani, kutoka nyumbani mpaka kazini na kutoka kazini mpaka nyumbani, kama ajali ya kazi, ikiwa mfanyakazi hakuacha njia yake juu ya mambo yake binafsi. Sawa. Lakini yule mama wa bunga anauzisha kando ya barabara ileile. Kijana hakukata kona hata moja. Alisimama dakika tano, akaendelea. Kama kununua bukari ya batoto ni kuacha njia ya nyumbani, basi waseme nyumbani ni nini.

Faili tumeiweka pahali inapaswa kuwekwa, na vipande vya furshi tumevichunga ndani ya mufuko, na jina la mama wa bunga kama shahidi. Tunangoja. Wakati tunangoja, meno ya mtu hayaoti.

Na tunauliza: kwa nini mtu wa posti ya usiku anapanda kinga ya mashindano yenye dola 90? Sababu basi linampita. Linampita kweli, viti vingine vitupu, taa ndani zinawaka, yeye kando anavuta pumzi ya vumbi yake. Wote wawili wanafanya kazi mu shimo moja, wanavaa kaske ya rangi tofauti, hiyo tu. Katika komite ya usalama tunahesabu kila kidole kilichokatwa ndani ya ukuta. Nje ya ukuta, hakuna mwenye kuhesabu. Tuliomba mwezi huu, na tutaomba tena mwezi ujao, ajali za njiani ziandikwe mu kitabu kilekile, na basi libebe kila mwenye kuwa na karatasi ya posti, wa kudumu na wa kukodishwa. Kiti ni kiti, hakiulizi kandarasi.

Kuko tena jambo moja lenye tunaliwazaga usiku. Kobalti yenye tunatoa hapa inaenda kufanya batri, na mu batri zile kuko za kinga za umeme, zenye watu wa Ulaya wanapenda sana siku hizi. Mtu ananunua kinga ya umeme, anatoa ile ya zamani. Ile ya zamani inapanda meli, inatufikia. Jiwe letu linaenda pale likiwa jipya, na kitu chao kinarudi hapa kikiwa kimechoka, na sisi ndio tunalipa mara mbili. Hatusemi wafunge mlango wa kontena. Kinga za okazio zimesaidia watu wengi, na mwenye kutaka kuzikataza zote hajawahi kutembea na miguu kutoka Kapata saa kumi ya usiku. Tunasema paka hivi: mwenye kuingiza akate furshi ya kaboni kwa msumeno mbele ya kuuzisha, aweke ya chuma, aongeze bei yake kidogo. Watu watalipa. Ao aandike wazi juu ya kila kinga: hii ni kaboni, haibebi mzigo. Tumewaongelesha wauzaji wawili. Moja alikubali. Wa pili alituuliza tunauzisha furshi za chuma, sivyo?

Hatuuzishi. Ila siku ya posho hii, kuanzia saa mbili ya asubuhi, tutakuwa kwa kiwanja cha mpira cha Kapata na fundi wawili, na sumaku, na sarafu, na ile funguo ya kupima nguvu yenye tuliazima kwa mtu. Ni bure. Kuja na kinga, usikuje na mufuko juu yake. Mwenye posti ya asubuhi atume mtoto na kinga, lakini mtoto aisukume, asiipande.